Madebe Niliyoyahesabu Vibaya

Mwaka 2001 niliandika kwamba familia za vibarua wa kahawa huzaa watoto wengi ili zipate mikono ya kuchuma. Sentensi hiyo ilichapishwa kwenye ripoti. Ilisomwa mkutanoni. Watu waliokuwa na amri juu ya maisha ya vibarua hao waliisikia, wakaifanyia kazi. Haikuwa kweli, na siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mimi ni mzaliwa wa Mukurweini, Nyeri, nchini Kenya, upande wa Gikondi. Kwetu kahawa si jambo la kusimuliwa. Nimekua nikiamshwa alfajiri mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa, nafungiwa kikapu kiunoni na kuonyeshwa mti wangu, nivute tawi taratibu lisivunjike, nichume nyekundu niache za kijani. Jioni tulibeba mzigo hadi kiwanda cha ushirika, tukaumwaga juu ya magunia, tukatenga mbivu na mbichi na zilizokauka kabla karani hajapima. Mama yangu hakutuzaa tuchume. Nilijua hilo bila kuambiwa na mtu. Lakini nilipoketi mbele ya mama wa watu wengine, mwenye watoto saba na asiye na shamba, niliamini kwamba yeye ni mtu wa namna nyingine.

Nieleze nilivyofika hapo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani kwa muda, wakati ambapo kukaa nyumbani Mukurweini hakukuwa na matumaini makubwa. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka vibaya. Wakulima wengi walikuwa wameacha kuipogoa miti yao, wengine wakipanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari, na wenye ng'ombe wakiona afadhali maziwa ya kupeleka Wakulima Dairy, kikundi ambacho wafugaji wa kwetu walikianza mwaka 1990. Shirika moja la utafiti lilipotafuta vijana wanaojua Kikuyu na Kiswahili, wakahoji vibarua wa kahawa kuhusu thamani ya watoto, nilikimbilia nafasi hiyo. Shirika sitalitaja, wala shamba lile kubwa tulikokwenda, kwa sababu kosa ninalolisimulia ni langu.

Kwa asiyeifahamu sehemu yetu, inafaa ajue kwamba Mukurweini si nchi ya mashamba makubwa. Ni nchi ya wakulima wadogo kwenye miteremko, miti mia mbili hapa, mia nne pale. Vibarua wake wamegawanyika mafungu mawili. Wapo wenye kipande chao kidogo ambao msimu ukifika huchuma kwa jirani mwenye miti mingi au hupanda malori kwenda mashamba makubwa, kisha hurudi kwao. Na wapo wasio na kipande chochote, wanaoishi mwaka mzima kambini kwa mwajiri. Wengi wa hawa wa pili ni watoto na wajukuu wa watu walioachwa nje ardhi ilipounganishwa na kuandikishwa upya wakati wa Hali ya Hatari ya ukoloni, miaka ya baada ya 1954, mwaka uleule ambao Mpango wa Swynnerton uliwafungulia Waafrika mlango wa kupanda kahawa kwa wingi. Aliyekuwa kizuizini, au aliyekuwa ameajiriwa mbali na hana wa kumsemea mbele ya kamati, mara nyingi alirudi akakuta mipaka imekwisha kuchorwa. Watu wa aina hiyo walibaki katika vile vijiji vya Hali ya Hatari, ambavyo vingine bado vipo Nyeri hadi leo, au walikwenda kuishi kwenye kambi za mashamba. Jirani zao walipata hati na miche ya kahawa. Wao walipata kibarua cha kuichuma.

Nilifundishwa historia hii darasani na nikaisikia nyumbani. Nilipoingia kambini na fomu mkononi sikuikumbuka hata mara moja.

Fomu yenyewe ilikuwa na ukurasa mmoja uliouliza faida ya kuwa na watoto. Chini yake kulikuwa na visanduku: msaada wa kazi, msaada wa uzeeni, jina la ukoo, furaha na wenzi, na cha mwisho mengineyo, chenye mistari mitatu mitupu ya kuandikwa kwa mkono. Tulihoji jioni, watu wakiwa kwenye foleni ya kupimiwa, kwa kuwa mchana nyapara hakuruhusu mtu aache mti. Mama amesimama saa kumi juani, anataka madebe yake yaandikwe kwenye kadi aende akapike. Mtoto wake amechuchumaa kwenye magunia mbele yetu akitenga mbivu na mbichi. Nauliza, watoto wana faida gani kwako mama? Mama anamtazama yule mtoto na kusema, si unaona, wananisaidia. Naweka alama kisanduku cha kwanza. Wengine walitaka kuendelea kusema. Nilikuwa nimekwisha kufungua ukurasa uliofuata.

Mistari mitatu ya mengineyo niliiacha mitupu karibu kila mara. Kuandika kulichukua muda, na msimamizi wetu alihesabu fomu zilizojaa.

Uvivu huo ningeweza kuusamehe kwa kijana wa umri ule. Kibaya zaidi ni nilichofanya baadaye. Katika mafunzo tulikuwa tumepewa kurasa chache za kueleza mawazo ya John Caldwell, mtaalamu wa idadi ya watu kutoka Australia, aliyefanya utafiti mrefu miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria na kuandika makala maarufu kuanzia mwaka 1976. Kwa ufupi, alisema kwamba katika jamii za wakulima mali hutiririka kutoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, na hivyo watoto wengi ni utajiri. Nilifurahi kupita kiasi kupata maneno ya kitaalamu ya kueleza nilichokiona kwenye magunia. Lakini Caldwell hakuishia hapo. Alisema pia kwamba shule ikiingia, mkondo hugeuka: mzazi huanza kumtumikia mtoto kwa karo, kwa sare, kwa muda wa kusoma, na mtoto mwenyewe huacha kujiona mfanyakazi wa nyumba. Sehemu hiyo ilikuwa kwenye kurasa zilezile. Niliisoma. Sikuitumia, kwa sababu haikufanana na nilichokuwa nimekwisha kuamua.

Kazi ya kuhoji ilipokwisha, kila mmoja wetu aliombwa aandike nusu ukurasa wa aliyoyaona. Wenzangu waliandika kwa tahadhari. Mimi niliandika sentensi ile niliyoanza nayo hapa, ikiwa fupi na imesimama peke yake mwanzoni mwa aya. Ilipendwa. Iliingia kwenye ripoti karibu ilivyo, na mimi niliitwa kuisoma mbele ya wageni.

Mkutano ulifanyika mapema mwaka 2002, wakati Sheria ya Watoto ya 2001 ilipokuwa inaanza kutumika na mashamba makubwa yakiogopa kuonekana na watoto katikati ya miti. Sheria ile sikuilaumu wakati huo na siilaumu leo. Mtoto hapaswi kubeba gunia. Lakini kwenye meza ile palikuwa na swali la namna ya kuitii, na sentensi yangu ililijibu vibaya. Kama wazazi wanazaa ili wapate wachumaji, mmoja wa waliohudhuria alisema, basi dawa ni kuwafungia watoto nje ya shamba. Wakikosa faida hiyo watawapeleka shule, na hata kuzaa watapunguza. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa kichwa.

Nilijua kambi ile haikuwa na mahali pa kulelea watoto wadogo. Nilikuwa nimetembea kati ya vile vyumba. Nilijua kwamba yule wa mwaka mmoja hulazwa chini ya mti wa kahawa kwenye leso huku mama akichuma mti wa pili, na kwamba nusu ya watoto niliowaona shambani hawakuwa wakichuma chochote. Walikuwa pale kwa sababu mama yao alikuwa pale. Sikusema. Nilikuwa nimesifiwa dakika chache kabla na sikutaka kuitia dosari sentensi yangu mwenyewe.

Shamba likapiga marufuku. Hakuna mtoto kupita lango, hata wa mgongoni.

Mwishoni mwa mwaka huo, kabla shule hazijafungwa, nilitumwa tena kambini kuthibitisha majibu ya baadhi ya familia. Nilifika asubuhi, siku ya shule. Nilitarajia kukuta kimya. Nilikuta wasichana. Karibu kila mlango wa tatu ulikuwa na msichana wa miaka kumi, kumi na mmoja, akiwa na mtoto mgongoni, akifua, akikoroga uji, akimfukuza mdogo mwingine asikaribie jiko la makaa. Nilimuuliza mmoja kwa nini hayuko shuleni. Alinijibu bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Watoto hawakubaliwi shambani siku hizi. Mama asipokwenda hapana chakula. Mimi ndiye msichana mkubwa. Ilipofika saa sita alimfunga mtoto vizuri akaenda langoni, na hapo nikaona wengine kama yeye wamepanga foleni, wakisubiri kina mama watoke wanyonyeshe upesi warudi kwenye mistari yao.

Huyo msichana alikuwa darasa la tano. Aliacha muhula wa pili.

Nilimsubiri mama yake hadi jioni. Nilimkumbuka, naye alinikumbuka zaidi. Alikuwa yule mwenye watoto saba, ambaye fomu yake niliijaza upesi kuliko zote kwa kuwa watoto wake watatu walikuwa kwenye magunia siku ile. Nilimsalimu kwa heshima inayostahili, akanikaribisha kwenye kigoda, akanipa chai. Nikamweleza nilichotumwa. Nikamsomea jibu lake: msaada wa kazi. Nikamuuliza kama bado ndivyo.

Hakujibu mara moja. Aliingia ndani akatoka na daftari la hesabu la jalada la bluu, kuukuu, pembe zimejikunja. Nilidhani ni la binti yake. Lilikuwa lake. Kila ukurasa ulikuwa na mstari uliopigwa katikati kwa rula. Kushoto aliandika siku na madebe, kama karani alivyoyaweka kwenye kadi. Kulia aliandika majina ya watoto wake. Madebe ya Jumatatu na Jumanne, mtihani wa kijana wa darasa la nane. Madebe ya Jumatano, kiatu. Wiki nzima iliyofuata, fedha za jengo la shule, kwa watatu. Wiki nyingine, sare ya huyu, na baki yake daftari za yule. Ukurasa baada ya ukurasa, msimu baada ya msimu, hakuna debe lililokuwa halina mtoto mbele yake, isipokuwa yaliyoandikwa unga, mafuta ya taa na dawa. Nilitafuta mahali palipoandikwa mapato ya watoto. Hapakuwapo. Nusu debe alilolijaza binti siku ya Jumamosi liliunganishwa na ya mama, na upande wa kulia lilirudi kwa binti huyohuyo: kalamu, soksi.

Akaniambia, "Mwanangu, mwaka ule uliniuliza watoto wananisaidia nini. Nikakujibu wananisaidia kuchuma, kwa sababu walikuwa mbele yako na nisingeweza kukudanganya. Lakini hukuniuliza nachumia nini."

Nilibaki na lile daftari magotini. Sikulia wala sikuomba radhi hapo hapo. Nilikuwa nafanya hesabu. Mama hodari wa kuchuma, siku nzuri, alijaza madebe manne au matano. Mtoto wa miaka kumi aliongeza moja, mara nyingi pungufu, na hiyo ni siku za Jumamosi na za likizo tu. Nikajumlisha ukurasa mmoja, kisha mwingine. Alichochuma mtoto mmoja msimu mzima hakikutosha sare yake na viatu vyake, seuze ada ya mtihani, fedha za jengo na mchango wa mlinzi ambazo shule za msingi zilitoza wakati huo kabla ya elimu bila malipo. Kama walikuwa wachumaji tu, basi walikuwa wachumaji wa hasara, na mama huyu aliyeandika kila debe kwa mkono wake alijua hasara hiyo kwa senti. Aliwazaa na aliendelea kuwalipia. Nilikuwa nimeugeuza mkondo. Niliandika kwamba wanazaa ili kahawa ichumwe, na huku kahawa ilikuwa inachumwa ili waliozaliwa wasome.

Kisha nikamwomba anieleze alichotaka kunieleza mwaka ule nilipofungua ukurasa mwingine. Alianza na majina, na mimi kama Mkikuyu nilipaswa kuyajua kabla hajafungua kinywa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Msichana wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Mama huyu alipata wavulana wawili, mababu wote wawili wakapata majina. Akapata msichana, mama mkwe akapata jina. Halafu wakafuatana wavulana watatu, wakaitwa kina amu na kina mjomba. Mama yake mzazi alikuwa bado. Alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya umma, hana shamba wala jiwe, na kama jina lake lisingepata mtoto, lingeishia hapo. Wa saba alikuwa msichana. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipokwenda kwenye zahanati kuomba sindano ya kupanga uzazi, na hakuzaa tena.

Mimi nilikuwa nimeandika saba, nikaweka alama kwenye kazi.

Akaendelea na mengine, bila mpango, jinsi mtu anavyozungumza akipikia. Kibarua hana pensheni. Nyumba ya kambini ni ya mwajiri. Siku mgongo unapokataa kuinama unapewa muda wa kuhama, na swali linakuwa unahamia wapi. Mtoto aliyesoma akapata kazi, hata ya kuuza duka la mtu Karatina, ana chumba, na kwenye chumba hicho mzazi ana kona yake. Mwenye bahati atanunua kiploti, na akinunua, kuna mahali pa kuzikwa. Alirudia hilo la kuzikwa zaidi ya mara moja. Watu wenye ardhi Mukurweini wanaliona dogo kwa kuwa wana bustani ya kahawa ya kuzikiwa. Asiye na ardhi anaanza kulifikiria akiwa na miaka thelathini. Na anajua kwamba watakaobeba jambo hilo si watoto wote. Katika saba labda mmoja au wawili watapita. Ndiyo maana anawasomesha wote, kwa sababu hajui ni nani.

Niseme na hili, kwa kuwa lilikuwa mbele yangu na sikulitazama. Takwimu za nchi zilikuwa zimekwisha kukanusha sentensi yangu kabla sijaiandika. Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wapatao 8. Utafiti wa 1998 ulionyesha 4.7 kwa nchi nzima, na 3.7 kwa Mkoa wa Kati, mkoa wenye kahawa na majani chai kuliko karibu yote. Kama watoto wangekuwa jembe, mahali penye kazi nyingi ya mikono pangezaa zaidi. Palizaa kidogo. Walioshuhudia bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977, baada ya baridi kuunguza kahawa ya Brazil, waliona fedha zile zikiingia kwenye mabati ya madarasa na kwenye karo za shule za bweni, na walioyaona hayo walianza kuuliza nitasomesha wangapi, si nitapata wachumaji wangapi. Kwa wenye ardhi kulikuwa na swali la pili, ekari moja itagawanywa mara ngapi. Wasio na ardhi walibaki na lile la karo peke yake, na hilo lilitosha kumpeleka mama wa saba zahanati. Kufikia utafiti wa 2014, wastani wa Nyeri ulikuwa 2.7.

Sasa gharama. Msichana yule alipoteza mwaka. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki iliondoa ada za shule za msingi, na nyanya mmoja pale kambini akakubali kukaa na wadogo wa nyumba kadhaa kwa malipo ya unga, basi binti akarudi darasa la tano akiwa na watoto waliokuwa nyuma yake, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2006. Wawili niliowaona kwenye foleni ya langoni, wakubwa wake kidogo, hawakurudi. Madebe ya mama zao yalipungua msimu ule kwa sababu ya kwenda na kurudi langoni, na daftari la bluu linaonyesha ukurasa ambao upande wa kulia umeandikwa unga tu, siku tisa mfululizo. Sijapata njia ya kulipa hayo.

Nilimwomba mama yule msamaha kesho yake, baada ya siku ile ya daftari. Sikusema mengi. Nilimwambia niliandika uongo juu yake na kwamba uongo huo ulisaidia kufunga lango. Alinitazama kwa muda, akaniuliza ikiwa mimi ndiye niliyeamuru. Nikasema hapana. Akaniuliza ikiwa nilikuwapo walipoamuru. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ungesema," akarudi kwenye jiko lake. Hadi leo sijapata jibu la hayo maneno mawili.

Niliandikia shirika barua ndefu. Nilijibiwa kwa adabu kwamba ripoti imekwisha kuchapwa na kusambazwa, na kwamba maoni yangu yatazingatiwa. Nilirudi kwenye fomu zangu nikaomba nafasi ya kurudia swali lile kwa familia zote nilizozihoji. Sikupewa. Nikaacha kazi hiyo, nikaenda kusomea ualimu, na nimefundisha shule za msingi za Mukurweini tangu wakati huo. Najua ni familia ngapi darasani kwangu zinaishi kwa debe. Mzazi akimzuia mtoto siku moja, siku hizi nauliza nani amebaki na mdogo kabla sijauliza lolote lingine.

Kosa hili bado linazunguka, na ndiyo sababu naliandika. Kwenye mikutano ya siasa hapa eneo la Mlima Kenya nasikia viongozi wakiwalaumu akina mama kwamba hawazai vya kutosha, kwamba tunapungua, kwamba kura zetu zitamezwa na za wengine. Wanaopiga makofi ni watu wazuri. Lakini wanamhesabu mtoto kwa kile atakachowafanyia wao, kama nilivyofanya mimi, na hakuna anayesimama kusema atasomeshwa na nani. Hata zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018 kupitia Inua Jamii, nimewaona nyanya wakizipokea Mukurweini mjini na kuzipeleka moja kwa moja kwenye duka la sare. Mkondo bado unashuka kwenda kwa watoto, hata kutoka kwenye mfuko wa ajuza.

Hivi karibuni mwanafunzi wa chuo kikuu alinitafuta. Anaandika tasnifu kuhusu watoto na mashamba ya kahawa, na alikuwa ameikuta ripoti ile. Sentensi yangu ilikuwa kwenye sura yake ya pili, imewekwa kama jambo lililothibitishwa. Nilimsimulia yote haya, pamoja na lango na daftari. Akauliza kama aifute. Nilimwambia asiifute, aiandike kwamba ilisemwa, na nani aliisema, kisha aende kambini msimu ukianza, akaulize kwanza fedha zinakwenda wapi. Alinitumia sura hiyo baada ya miezi michache. Sentensi ilikuwamo, sasa ikiwa na jina langu, na baada yake kurasa tatu za mchumaji mmoja wa Rugi akieleza, senti kwa senti, anavyomlipia kijana wake kidato cha pili. Nilisahihisha hesabu moja ya madebe, nikamrudishia.